Kusamehewa Nako ni Mapato

Clarion, Pennsylvania
8 Oktoba 2012

Mdogo wangu Del,

Huku tupo salama. Goti langu la kushoto ndilo linalolalamika, lakini limekuwa likilalamika tangu marehemu mume wangu Everett yu hai, na yeye naye nilikuwa simsikilizi. Matufaha yameiva mengi mwaka huu. Nimeyapika mpaka yakawa mazito kama siagi, na sasa kila kitu jikoni kinanata, pamoja na paka. Mchungaji wetu mpya ni mwanamke. Anahubiri kwa ufupi, tunafika mgahawani kabla ya Wamethodisti, na wale wazee waliompinga ndio wanaomsifu kuliko wote.

La maana sasa. Ile kampuni ya Tennessee imekubali kuichukua wiki yetu, ile haki ya kukaa kwao wiki moja kila mwaka tuliyoinunua kwa mkopo. Nyumba ya mapumziko mlimani, wiki ya sita ya kila mwaka, barabara imefungwa kwa theluji na maduka yote yamefungwa kwa akili: yote wachukue. Salio la mkopo wanasamehe, na ada ya matunzo haitatufuata tena mpaka kaburini. Nimeshatia sahihi. Wewe tia yako pale chini ya jina langu. Usisome sana, usije ukaanza kuikumbuka.

Ulisema tununue kwa majina yetu wote wawili kwa sababu ni katikati ya kwako na kwangu, tutakutana kila Februari. Mimi nilifika mara moja. Wewe na mkeo mkanilaza kwenye kochi linalogeuka kitanda, na kile chuma cha katikati nakikumbuka mpaka leo kila mvua ikinyesha.

Na kile kikaango cha umeme walichotupa zawadi kwa kuvumilia ule mkutano wao wa mauzo, sijui kilienda wapi. Siulizi.

Nimekupigia simu. Mwanamke wa kwenye mashine anasema namba hiyo haipo. Amekosea?

Dada yako,
Wilda


Zephyrhills, Florida
2 Novemba 2012

Dada Wilda, nguzo ya Wapresbiteri wote wa milimani,

Salamu kutoka kwenye jua. Mimi mzima kabisa. Samahani kwa kuchelewa, nimekuwa na shughuli nyingi za boti. Msimu huu samaki wanajileta wenyewe. Walutheri wangu nao hawajambo. Juzi walikunywa kahawa kiasi kwamba mtungi mkubwa uliungua chini, na mzee mmoja akasema hata ikiungua ni kahawa tu, mimina.

Samahani pia kwa karatasi. Huu ni mgongo wa tangazo la ibada, lakini ni karatasi nzuri na haina kosa lolote. Simu niliikatisha mwenyewe. Wauzaji walinizidi, kila jioni mtu ananiuliza kama nimeridhika na madirisha yangu. Andika kwa sanduku lile lile la posta.

Hati nimetia sahihi na kuzirudisha. Tumefunguliwa, dada! Nilitoka posta natembea kama kijana. Solveig wangu angekuwa hai angelia kidogo, maana alipapenda pale, lakini yeye alipenda hata foleni ya benki.

Kuhusu kikaango, nilidhani ni wewe uliyekichukua.

Nduguyo,
Del


Clarion
6 Februari 2013

Del,

Nashukuru Mungu naendelea vizuri. Yule mnyama wetu wa kutabiri hali ya hewa ametolewa shimoni juzi, akasema baridi inakwisha. Theluji iko magotini. Paka amekataa kutoka nje na mimi nimemuunga mkono.

Kaa chini kabla hujaendelea. Umekaa? Kampuni imeniletea karatasi, na nakala imeenda kwa idara ya kodi. Inasema kwamba mwaka jana mimi, Wilda Amsler, nilipata dola elfu tisa na mia nne. Nimekaa jikoni asubuhi nzima nikijaribu kukumbuka nilizitumia wapi.

Nimeipeleka maktaba, kule wanakojitolea kusaidia wazee na ritani zao za kodi. Kuna Bwana Pruitt pale, alikuwa mwalimu wa hesabu, ana kopo la peremende na anakupa moja ukiwa na habari mbaya. Alinipa mbili. Ameniambia hivi: ukikopa halafu mkopeshaji akakusamehe, hiyo pesa uliyosamehewa inahesabiwa kama uliipata. Kusamehewa nako ni mapato, Del. Na kwa kuwa tulikopa wawili, kila mmoja ameandikiwa deni zima. Karatasi yako itakuwa njiani.

Baba alituombesha Sala ya Bwana kila usiku, tusamehewe deni zetu. Hakutuambia kwamba kusamehewa kunatozwa kodi. Nyie mliooa kwa Walutheri mkahamia huko mnaomba kusamehewa makosa. Pengine makosa hayatozwi.

Bwana Pruitt anasema haimaanishi serikali ichukue mara mbili. Kila mmoja aandike sehemu yake, kulingana na nani alifaidi ule mkopo, na aambatanishe maelezo. Kwa hiyo inabidi tukubaliane nani alifaidi.

Nakwambia mapema: hizo pesa siwezi kuwa nazo kwenye karatasi zangu mwaka huu. Hata nusu siwezi. Usiniulize kwa nini.

Wilda


Zephyrhills
20 Februari 2013

Dada,

Mimi mzima, kikohozi kidogo tu. Machungwa yanadondoka yenyewe huku. Kanisani tumepaka rangi ukumbi, na kamati ilikaa vikao viwili kuamua kati ya nyeupe na nyeupe nyingine.

Yangu imefika. Elfu tisa na mia nne! Nilidhani wamenitumia hundi, nikaifungua nikiwa nimesimama mbele ya watu, nikapiga kelele ya furaha. Bado wananiuliza nimeshinda nini.

Nasema tugawane nusu kwa nusu, kiungwana. Wewe unasema ni nani alifaidi. Haya, nikukumbushe. Ni nani alisimama dirishani pale kwenye mkutano wa mauzo akasema, "Del, hebu ona ule mlima"? Mimi nilikuwa nimeshavaa koti. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya kikaango tu, kama watu wote wenye akili. Yule kijana wa mauzo alipokuona unautazama mlima, akavuta kiti.

Na kwa nini wewe usiweze hata nusu? Una nyumba ya Everett, una pensheni, una matufaha. Umesema nisiulize, nimeuliza.

Halafu huyu Bwana Pruitt. Peremende mbili! Everett alikuwa anakupa ngapi?

Del


Clarion
4 Machi 2013

Del,

Tupo, isipokuwa Bi Hetrick wa jirani ameanguka kwenye barafu na sasa anaendesha mtaa mzima akiwa kitandani. Ijumaa nilikwenda kula samaki wa Kwaresima kwenye jengo la zimamoto. Bwana Pruitt alikuwepo. Tulikaa meza moja kwa sababu nyingine zilijaa, na unaweza kufuta hilo tabasamu.

Niliutazama mlima, ndiyo. Kuutazama ni bure. Wewe ndiye uliyeomba kalamu.

Nusu kwa nusu ungekuwa uungwana kama ningelala humo nusu. Wewe na Solveig mlikwenda kila Februari, mkarudi na picha za theluji kana kwamba mimi huku sina theluji. Mimi nilikwenda mara moja. Kochi, Del. Chuma.

Bwana Pruitt ameniambia jambo jingine na nakuambia kama lilivyo. Kuna fomu nyingine, kwa watu waliozama kwenye madeni. Ikiwa siku ile uliyosamehewa ulikuwa unadaiwa kuliko thamani ya kila kitu ulichonacho, unaorodhesha madeni yako na mali yako, unaambatanisha, na sehemu hiyo haihesabiwi tena kuwa mapato. Mimi hainihusu, nina nyumba. Na wewe hujazama, una nyumba na una boti. Nimekuambia tu ujue.

Tarehe kumi na tano Aprili ndiyo mwisho. Usiniletee hadithi za wauzaji wa madirisha.

Wilda


Zephyrhills
13 Machi 2013

Wilda,

Mimi mzima. Hali ya hewa nzuri.

Umeniudhi. Mimi na fomu ya waliozama? Mtu mwenye boti hazami, ndiyo kazi ya boti. Mtoto wa baba yetu hawezi kwenda kukaa mbele ya mtu wa maktaba kumhesabia masufuria.

Andika kwamba yote ni yangu. Yote, mpaka senti ya mwisho. Mimi na Solveig ndio tulioifaidi, sawa, nimekubali, na kodi yake nitailipa mwenyewe. Usiku unaweza kulala.

Kahawa kanisani imepanda bei.

Del


Clarion
23 Machi 2013

Del,

Sikusalimii leo.

Nilikutumia chupa mbili za siagi ya tufaha kwa ajili ya Pasaka. Kifurushi hakiingii kwenye sanduku lako la posta, nikakituma nyumbani, Palm Lane. Kimerudi leo. Kuna maandishi juu yake, mwandiko wa mwanamke, kalamu ya kijani: "Del aliiuza hii nyumba mwaka juzi. Mtu mzuri sana, msalimie. Boti anayo mume wangu, tumeipaka rangi upya. Trudy."

Boti iko wapi, Del?

Wilda


Zephyrhills
27 Machi 2013

Mpendwa dada,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, pamoja na goti, pamoja na Bi Hetrick. Mimi sijambo kabisa kabisa.

Wiki hii ni ya shughuli nyingi. Alhamisi tuna chakula cha jioni kanisani, Ijumaa Kuu tunazima taa wakati wa ibada, Jumapili kifungua kinywa baada ya ibada ya alfajiri. Kina mama wameleta jeli ya kijani yenye karoti ndani. Nimeishi na Walutheri miaka yote hii na bado sijapata mtu wa kunieleza karoti zile. Mayai yanachemshwa kwenye sufuria ya kahawa, kwa hiyo kahawa itakuwa na ladha ya mayai mpaka Pentekoste. Mchungaji ana mafua. Mbwa wa mchungaji naye ana mafua.

Uliuliza jambo fulani mwishoni, lakini sijui barua nimeiweka wapi.

Pasaka njema.
Del


Clarion
2 Aprili 2013

Mdogo wangu,

Pasaka imepita salama. Mchungaji alihubiri kwa ufupi na Wamethodisti walitukuta tumeshaagiza.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana. Sasa naiandika tena na naipeleka posta kabla sijavua koti.

Uliniuliza kwa nini siwezi kuwa na hata nusu ya zile pesa kwenye karatasi zangu. Nitakuambia. Pensheni ya Everett ilikufa na Everett, karibu yote. Tangu wakati huo napata msaada wa serikali wa mafuta ya kupasha nyumba joto. Nakwenda ofisini kila Novemba, nimevaa lile koti zuri, wasije wakadhani nina shida. Kipimo cha kuupata ni mapato. Sasa wanapitia karatasi zetu zote upya, na mtu aliyepata dola elfu tisa mwaka jana hana haja ya kusaidiwa mafuta, watamwambia akajipashe na dola zake. Nusu yake inanivusha kipimo. Hata robo. Msimu huu uliopita nilifunga vyumba vya juu, nikaishi jikoni na paka.

Sikukuambia kwa sababu wewe ulikuwa na boti. Kila barua boti. Nilikuwa nasoma habari za samaki wanaojileta wenyewe huku nimevaa soksi tatu, na nilikuwa nakuonea wivu mpaka nikaudhika, kisha naudhika kwa kuona wivu.

Basi umejua. Sasa ni zamu yako.

Sitaki ulipe yote kiungwana, Del. Utalipa kwa nini? Ukiandika ni yako yote kisha usiweze kulipa, watakuja kwako na riba, na mimi nitakuwa nimepashwa joto kwa mgongo wako. Ikiwa ulikuwa umezama, sema ulikuwa umezama. Fomu haiulizi kama unaona aibu. Nimeisoma yote, hakuna nafasi ya hilo.

Na ukishasema, chumba cha juu cha mashariki kipo. Nitakifungua. Kipo wazi kila wiki ya mwaka, hakina ada ya matunzo, na kina kitanda. Kitanda chenyewe, si kochi.

Nakupenda, mpumbavu wewe.

Dada yako


Zephyrhills
9 Aprili 2013

Dada Wilda,

Soksi tatu! Na mimi niko huku nakuandikia habari za jua. Nimeisoma barua yako nimekaa kwenye ngazi ya kanisa na nimelia mpaka mbwa wa mchungaji akaja kuangalia.

Bili za hospitali ya Solveig zilimeza nyumba. Boti ililipa mazishi. Bado nawadai, nisamehe, bado wananidai, hata kuandika nakosea, sijazoea. Naishi kwenye nyumba ya magurudumu nyuma ya kanisa. Nafagia ukumbi na napika kahawa, ndiyo maana habari zote nilizokuwa nazo zilikuwa za kahawa. Simu walikata wao. Hakuna muuzaji wa madirisha aliyewahi kunipigia, ningefurahi kama angepiga.

Nilikuficha haya wewe kuliko mtu mwingine yeyote. Hawa wa kanisani wote wanajua, wananiletea jeli. Lakini wewe ulinifundisha kufunga viatu, Wilda. Ilikuwa vigumu kukuandikia kwamba vimefunguka.

Jana nilikwenda maktaba ya hapa. Kuna mwanamke kijana anayejitolea, hana peremende. Upande wa madeni ulijaa mpaka akaomba karatasi ya pili. Upande wa mali tulianza vizuri: gari, ambalo alilitazama dirishani akasikitika. Kitanda. Redio. Akauliza, "Kingine, babu?" Nikaisoma orodha upya. Akauliza tena. Nikasema, kikaango cha umeme.

Ndiyo. Ninacho. Nilikitia kwenye gari siku ile ile wakati wewe unautazama mlima. Nilipikia humo mayai ya Solveig kila asubuhi mpaka ile ya mwisho, na sikuweza kukuambia, kwa sababu ungekidai, na ungekuwa na haki. Kimeandikwa kwenye fomu ya serikali kuwa mali yangu, thamani dola tano. Ndicho pekee tulichowahi kupata kutoka Tennessee na nimekifaidi peke yangu, kwa hiyo nimeeleza wazi kwamba mkopo wote ulikuwa wangu, na sijasema uongo hata mahali pamoja. Yule mwanamke amejumlisha. Nimezama vya kutosha, sitozwi chochote. Wewe andika sifuri, ambatanisha maelezo yangu niliyoyatia humu, na mpe Bwana Pruitt salamu zangu za tahadhari.

Nikishamkabidhi mtu mtungi wa kahawa nitapanda basi kuja huko. Kikaango nitakishika mapajani mwenyewe.

Jambo moja la mwisho. Jumapili barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, nimeipokea Jumamosi. Tulipofika katikati ya Sala ya Bwana, pale kwenye kusamehewa, Walutheri wote wakaenda na makosa kama kawaida yao. Mimi mdomo ukaenda wenyewe kwenye lile neno la baba yetu. Nikasema deni. Nilisema kwa sauti, Wilda, na neno letu ni fupi kuliko lao, kwa hiyo nikamaliza kabla yao na lilisikika peke yake kanisa zima. Mama wa mbele yangu akageuka akaninong'oneza, "Umekosea, mzee, ni makosa."

Nikamwambia, "Hapana, mama. Yangu ni deni."

Del